Habari za Tuskegee, Mji na Chuo Chake

Katika kukumbuka miaka ya shule zetu, tumeona vema kuwasimulia wasomaji habari za mji mmoja mdogo wa mbali, jina lake Tuskegee, ulioko katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Sisi walimu hatukosi kuwa na udugu nao. Wajumbe wa Phelps-Stokes walipozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924, pamoja nao Mwafrika mwenzetu James Aggrey, walisifu elimu ya Tuskegee, ya kitabu pamoja na kazi ya mikono. Na shule ya Jeanes ya Kabete ilipoanzishwa mwaka wa 1925, ilifuata mawazo hayo.

Chuo kile kilizaliwa kwa kura. Mwaka wa 1880 mtu mweupe aitwaye W. F. Foster, aliyetaka kuingia katika baraza la jimbo, alimwuliza Lewis Adams, fundi wa mabati aliyekuwa mtumwa zamani, watu weusi wanataka nini ili wampe kura zao. Adams hakuomba fedha, aliomba shule. Foster akashinda, na baraza likatoa dola 2,000 kila mwaka. Fedha hizo zilikuwa za mishahara tu, si za ardhi wala majengo. Akaitwa Booker T. Washington, naye pia alizaliwa utumwani, akaanza kufundisha tarehe 4 Julai 1881, wanafunzi 30 katika kibanda kibovu.

Mwalimu huyo na wanafunzi wake walijitengenezea matofali wenyewe. Tanuru la kwanza likaharibika, na la pili, na la tatu. Fedha zilipokwisha, akaweka rehani saa yake kwa dola 15, wakachoma tanuru la nne, nalo likafaulu. Hata weupe wa mjini wakaja kununua matofali. Ndivyo mji ulivyoanza kula kwa mkono wa chuo.

Chuo kikakua. Mwaka wa 1896 akaja George Washington Carver, mtaalamu wa mimea, na mwaka wa 1923 ikafunguliwa hospitali ya askari weusi waliotoka vitani. Pande zote za mji walikaa wakulima wa pamba waliokodi mashamba na kuishi kwa deni. Walakini ndani ya mji walikuwako waalimu, waganga na makarani weusi wenye mshahara wa kila mwezi. Mishahara hiyo iliingia madukani, na maduka mengi yalikuwa ya weupe. Ofisi za mji nazo zilikuwa mikononi mwao, maana sheria kuu ya jimbo ya mwaka wa 1901 iliwanyima watu weusi wengi kura, ingawa katika wilaya ile walikuwa zaidi ya wanane katika kila watu kumi.

Hata mwaka wa 1957, wapiga kura weusi walipofika 400 hivi, baraza la jimbo lilibadili mipaka ya mji. Mji uliokuwa wa pande nne ukafanywa wa pande 28, nao wote wakawekwa nje, wasibaki ila wanne au watano. Mweupe hata mmoja hakutolewa. Basi Charles Gomillion, mwalimu wa chuo, na wenzake hawakurusha jiwe. Walisusia maduka ya mjini, wakanunua mahitaji yao kwingine. Maduka mengi yakafungwa. Ndipo ilipojulikana wazi ni mifuko ya nani iliyokuwa ikiulisha mji. Gomillion akapeleka mashtaka hata Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwezi wa Novemba 1960 ilikubali hoja yao. Mipaka ya zamani ikarudishwa. Mwaka wa 1972 Johnny Ford akachaguliwa kuwa meya wa kwanza mweusi.

Lakini baadaye hesabu ya watu ilipungua. Weupe wengi walihama, na biashara nyingi zikaelekea Montgomery na Auburn. Mwaka wa 2000 walihesabiwa watu 11,846; mwaka wa 2010, 9,865; na mwaka wa 2020, 9,395, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa weusi. Auburn, mji wa chuo ulio jirani, ulikuwa umepita 76,000. Chuo cha Tuskegee, chenye wanafunzi 3,000 hivi, kingali mwajiri mkubwa, pamoja na hospitali na ofisi za serikali. Kimewafundisha sehemu kubwa ya waganga weusi wa mifugo wa Marekani. Ila mhitimu akiisha kupata cheti, mara nyingi huenda kutafuta kazi mji mwingine.

Basi, walimu wenzetu, na ninyi wazee wa mitaa, tuzitazame na shule zetu wenyewe. Mahindi ya wanafunzi yanunuliwa kwa nani? Mshahara wa mwalimu waishia duka gani? Vijana tuliowafundisha wangapi wamepata kazi karibu na nyumbani? Tuyaandike hayo katika daftari ya shule kila mwaka, kama tuandikavyo hesabu ya wanafunzi.