Baldi's Basics in Education and Learning

Baldi's Basics in Education and Learning (hujulikana zaidi kwa kifupi kama Baldi's Basics) ni mchezo wa video wa kutisha na kuchekesha uliobuniwa na Mmarekani Micah McGonigal, anayejulikana pia kwa jina la mystman12. Ulitolewa bila malipo tarehe 31 Machi 2018 katika tovuti ya itch.io kwa ajili ya kompyuta. Baadaye ulipatikana pia kwenye simu janja kwa jina la Baldi's Basics Classic.

Kwa kuutazama, mchezo huu unafanana na michezo ya kufundishia watoto hesabu. Kwa kweli ni dhihaka ya michezo hiyo: somo linaanza kwa pongezi na muziki, kisha shule yote inageuka kuwa vurugu ambayo mchezaji anapaswa kuimudu hadi apate njia ya kutoka.

Asili

Katika miaka ya 1990 kompyuta zilipoenea majumbani na shuleni nchini Marekani, kampuni nyingi ziliuza programu zilizochanganya masomo na michezo. Miongoni mwa zilizojulikana sana ni Math Blaster na Reader Rabbit. Mfano uliomwathiri McGonigal zaidi ni Sonic's Schoolhouse wa mwaka 1996, ambamo mtoto hutembea ndani ya jengo la shule na kujibu maswali.

McGonigal alitengeneza Baldi's Basics kwa ajili ya shindano la kutengeneza michezo kwa muda mfupi lililoitwa Meta-Game Jam. Picha zake ni duni kwa makusudi: kuta zinajirudia, wahusika wengine ni kama vikaragosi vilivyokatwa kwenye karatasi, na sauti zinakwaruza kama za kompyuta za zamani.

Jinsi unavyochezwa

Mchezaji ni mwanafunzi anayeingia shuleni kukusanya madaftari 7 ya rafiki yake. Kila daftari lina maswali 3 ya hesabu. Akijibu vyema daftari la kwanza, mwalimu Baldi humpa sarafu kama zawadi.

Kuanzia daftari la pili, swali la tatu huwa limevurugika: tarakimu zimepandana na sauti ya Baldi haisikiki vizuri. Swali hilo haliwezi kujibiwa, hivyo kila mchezaji hulikosa. Baldi hukasirika, muziki hukoma, naye huanza kumfukuza mwanafunzi akipiga rula mkononi. Kila jibu lisilo sahihi humwongezea kasi. Mlio wa rula humsaidia mchezaji kukadiria umbali wake, lakini Baldi naye husikia milango inapofunguliwa.

Mchezaji anaweza kukimbia mpaka nguvu zinapokwisha, na anabeba vitu visivyozidi 3 kwa wakati mmoja. Baada ya kupata madaftari yote ni lazima atafute mlango wa kutokea. Milango iko 4, lakini mitatu ya kwanza anayoifikia hujifunga na kugeuka ukuta.

Ipo pia namna ya kucheza isiyo na mwisho, ambapo madaftari hurudi tena na lengo ni kukusanya mengi kadiri iwezekanavyo.

Wahusika

Ugumu wa mchezo hautokani na Baldi peke yake. Kila mhusika ana tabia yake, na mara nyingi hutokea wakati mchezaji ana haraka:

Baldi: mwalimu mrefu mwembamba mwenye upara. Akimfikia mchezaji, mchezo umekwisha.
Principal of the Thing: mwalimu mkuu. Humwadhibu mwanafunzi anayekimbia kwenye korido, anayekunywa soda humo au anayeingia vyumba vya walimu. Adhabu ni kufungiwa ofisini, na muda wake huongezeka kila kosa linaporudiwa.
Playtime: msichana anayemlazimisha mchezaji kuruka naye kamba. Kamba hiyo inaweza kukatwa kwa mkasi.
It's a Bully: mnyanyasaji anayeziba njia hadi apewe kitu.
Gotta Sweep: fagio linalosukuma kila aliye mbele yake, hata Baldi.
1st Prize: roboti anayemkumbatia mchezaji na kumsukuma.
Arts and Crafters: kikaragosi cha soksi chenye wivu kwa mchezaji aliyekusanya madaftari yote.

Wahusika hawa wanaweza pia kuwa msaada. Fagio linaweza kumwokoa mchezaji kwa kumsogeza mbali na Baldi. Mchezaji mzoefu hujifunza kutumia vurugu hiyo badala ya kuikimbia tu.

Maana ya swali lisilojibika

Michezo mingi ya elimu ya wakati ule ilifuata kanuni moja: jibu sahihi huleta sifa, na jibu lisilo sahihi huleta nafasi ya kujaribu tena. Baldi's Basics unaivunja kanuni hiyo. Mwanafunzi anaadhibiwa kwa swali ambalo hata mwenye akili nyingi asingeliweza, na mwalimu haulizi kwa nini amekosa. Kichekesho na hofu ya mchezo vinatoka mahali hapo hapo.

Mchezaji anayekosea maswali yote kwa makusudi na bado akafanikiwa kutoka hupata mwisho wa siri, ambapo mhusika aliyevurugika kama faili mbovu anamsihi auharibu mchezo.

Mapokezi

Mchezo ulienea haraka mwaka 2018 kupitia video za wachezaji wa YouTube na Twitch. Mashabiki walitengeneza matoleo mengi yao wenyewe, na programu nyingi za kuiga zilionekana kwenye maduka ya programu za simu.

Kwa sababu ya jina na sura yake, mchezo unaweza kudhaniwa kuwa wa kufundishia watoto wadogo. Hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa tu, na hazina mfuatano wa somo. Sehemu kubwa ya mchezo ni kufukuzwa, pamoja na kelele za ghafla zinazoweza kumtisha mtoto.

Matoleo yaliyofuata

Mwaka 2018 McGonigal alichangisha fedha kupitia Kickstarter ili kutengeneza toleo kubwa zaidi. Baldi's Basics Birthday Bash ulitoka mwaka 2019 kuadhimisha mwaka mmoja wa mchezo. Baldi's Basics Plus ulianza kuuzwa mwaka 2020 ukiwa bado unaendelea kutengenezwa. Katika toleo hilo ramani ya shule hubadilika kila mchezo unapoanza, wahusika wameongezwa, na kuna duka la kununulia vitu kwa pointi. Mwaka 2022 ulitoka Baldi's Basics Classic Remastered, unaourudisha mchezo wa awali ukiwa umeboreshwa.