Ukuta usiobeba kitu

Mjini Chicago, Marekani, lipo jengo la ofisi ambalo nusu yake ni ya zama moja na nusu ya pili ni ya zama nyingine. Linaitwa Monadnock. Upande wa kaskazini, uliokamilika mwaka 1891, ni wa matofali yanayobeba uzito hadi ghorofa ya 16, na ili yahimili mzigo huo ilibidi ukuta wa chini uwe na unene wa karibu mita 1.8. Mtu mzima anaweza kujinyoosha humo na nafasi ikamtosha. Upande wa kusini ulifuata mwaka 1893, nao kwa sehemu kubwa ulipewa mifupa ya chuma. Uzito wa sakafu ukawa unashukia kwenye nguzo, ukuta ukabaki na kazi ya kuzuia mvua, upepo na macho ya watu. Faida yake haikuhitaji maelezo marefu kwa mwenye jengo: kila sentimita iliyopungua ukutani iliongezeka chumbani, na chumba ndicho kinacholipiwa kodi.

Sisi wa Afrika Mashariki ukuta unaobeba tunaujua vizuri. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, kuta nene za matumbawe ndizo zilizoshika boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko ina mwisho wa urefu wake, vyumba vikawa virefu lakini vyembamba. Ukuta ndio uliokuwa nyumba. Huwezi kuutoboa dirisha kubwa upendavyo na paa likabaki juu.

Mifupa ya chuma ilipofika, swali likawa: ukuta usiobeba kitu ujengwe kwa nini? Kioo kilikuwa tayari kimejipigia debe. Mwaka 1851 Joseph Paxton, mtu aliyeanzia kazi ya bustani na kujenga nyumba za kioo za kuoteshea mimea, alisimamisha Crystal Palace pale Hyde Park, London, kwa chuma na vioo. Mwaka 1864 Peter Ellis akajenga Oriel Chambers mjini Liverpool, ofisi zilizojaa vioo vilivyochomoza mbele, akabezwa na waandishi wa wakati wake. Kisha mwaka 1918, San Francisco, Willis Polk akamaliza jengo la Hallidie. Hapo kioo chote cha mbele kilitangulizwa karibu mita moja mbele ya nguzo, kikashikiliwa na ncha za sakafu. Pazia lilikuwa limekwisha kutundikwa.

Namna linavyotundikwa inastahili kutazamwa kwa karibu, maana mpita njia haioni. Kwenye ukingo wa kila slabu hufungwa vishikizo vya chuma. Vishikizo hivyo hubeba miimo ya alumini, na kati ya mwimo na mwimo huingizwa kioo kikiwa kimekalia mpira, si alumini yenyewe. Mwimo wa juu hauunganishwi ukakaza na wa chini yake, huachwa upenyo. Alumini ya urefu wa mita 4 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 4, na usipoipa pa kwenda itajikunja au itavunja kioo. Chini ya kila fremu huachwa vitundu vya kutolea maji, kwa sababu fundi mwenye uzoefu hadhani kwamba mpira na silikoni vitazuia mvua yote milele. Ukuta huu haubebi jengo, lakini lazima uweze kucheza nalo.

Mzigo wa pili, yaani joto, wasanifu wa mwanzo waliufanyia mzaha. Le Corbusier, mwenye jina kubwa kuliko wote, alijenga Paris makao ya Jeshi la Wokovu ya kuwahifadhi wasio na makazi, yakafunguliwa Desemba 1933. Upande unaotazama kusini, ambako ndiko jua la Ulaya linakopigia zaidi, aliuziba wote kwa kioo kisichofunguka. Alikuwa na mpango wa mitambo ya kusawazisha hewa ndani, ila fedha hazikutosha kuleta ya kupoza. Baridi ya Desemba ilimpa sifa, kwa kuwa jua liliwapasha joto wakazi bure. Kiangazi kilipofika wakaokwa. Mamlaka za jiji zikaamuru madirisha yafunguke, naye akabisha kwa ukaidi wake wote. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukuta ule uliwekewa vikinga jua vya zege, na Le Corbusier mwenyewe akawa mhubiri mkubwa wa vikinga jua. Alivipigania hata kwa jengo la Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, New York. Hakusikilizwa.

Hakusikilizwa kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimeshaingia sokoni. Lever House, makao ya kampuni ya sabuni yaliyokamilika New York mwaka 1952 kwa mchoro wa Gordon Bunshaft, yalikuwa na ghorofa 24 za kioo cha rangi ya kijani na buluu, na hakuna dirisha hata moja lililofunguka. Wasafishaji walining'inia nje kwenye jukwaa la kamba. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikatangaza mbinu ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati iliyoyeyuka, kikatoka laini pande zote mbili bila kusuguliwa. Kioo kikubwa kikawa rahisi kupatikana, na kila benki ikataka mnara wake. Ni vyema kujua pia kwamba fremu za Lever House zilipata kutu na vioo vikapasuka kidogo kidogo, hata ukuta mzima ukabadilishwa kabla jengo halijatimiza miaka 50. Kuta za mawe za Lamu zimekaa karne nyingi.

Lakini aibu kubwa ilitokea Boston. Mnara wa kampuni ya bima ya John Hancock, ghorofa 60, uliosanifiwa na Henry Cobb wa ofisi ya I. M. Pei, ulivikwa vioo 10,344, kila kimoja kirefu kuliko mita 3 na chenye uzito wa kilo 227 hivi. Tarehe 20 Januari 1973 upepo mkali uliupiga, vioo vikaporomoka, na vikiporomoka viligonga vingine. Nafasi zilizoachwa wazi zikazibwa kwa plaiwudi, na kila upepo ulipozidi polisi walifunga njia za chini. Wenyeji wakaubatiza Kasri la Plaiwudi. Kwa bahati hakuna aliyeuawa.

Wengi walidhani mnara unayumba mno. Kweli uliyumba, hata ukaja kuwekewa vizito viwili vya tani 300 kila kimoja karibu na kilele, lakini huo ulikuwa ugonjwa mwingine. Vioo viliuawa na kiungo. Kila kimoja kilikuwa cha tabaka mbili, na katikati palikuwa na fremu nyembamba ya risasi iliyoshikishwa kwa lehemu kwenye utando unaoakisi jua. Joto na upepo vilipovuta tabaka hizo huku na huku, lehemu haikulegea hata kidogo. Ilishika sawasawa mpaka ukingo wa kioo ukaanza kumeguka. Vioo vyote 10,344 vilitolewa na kuwekwa vya tabaka moja vilivyoimarishwa kwa moto. Mnara ulifunguliwa mwaka 1976, miaka mitano baada ya muda uliopangwa.

Leo minara ya namna hiyo imejaa Upper Hill jijini Nairobi na katikati ya Dar es Salaam, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouona kuwa maendeleo bila swali. Karibu na ikweta jua la saa sita linapiga paa, halipigi ukuta. Linalotesa ni jua la asubuhi na la jioni, lililo chini, linaloingia moja kwa moja kwenye kioo kinachotazama mashariki au magharibi, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Kioo kinachotazama kaskazini na kusini hakina neno kubwa. Msanifu Beda Amuli alipochora soko la Kariakoo, Dar es Salaam, alijenga kwa zege na kuacha hewa ipite. Siku hizi michoro mingi inakuja na pande zote nne za kioo, kana kwamba kiwanja hakina mashariki, na umeme ukikatika, jenereta nayo ikagoma, hakuna dirisha la kufungua.

Kwa hiyo ukitafutiwa ofisi kwenye jengo la vioo, usikubali kwenda saa nne asubuhi dalali anapokutaka. Nenda saa kumi alasiri, simama chumba cha magharibi, umwombe azime kiyoyozi kwa nusu saa kabla hamjazungumzia kodi.