Siku 160 Hadi Guangzhou

Mwaka 971, baada ya kuiteka Guangzhou, watawala wa nasaba ya Song walifungua hapa ofisi ya kusimamia biashara ya baharini. Habari za wajumbe waliopitia bandari hii ziliingia katika kumbukumbu za serikali.

Nchi moja iliandikwa kwa jina la Cengtan. Wajumbe wake walikuja kwanza mwaka 1071, kisha 1083. Tunasoma kwamba safari yao ilichukua siku 160 kwa upepo mzuri, kupitia Oman, India ya kusini na Srivijaya. Kwamba lugha yao ilisikika kama Kiarabu, na kwamba sarafu zao zilitengenezwa na serikali peke yake. Kwa kuwa walitoka mbali mno, mfalme Shenzong aliwaongezea liang 2,000 za fedha.

Je, Cengtan ndiyo Zanji, yaani pwani ya Waswahili? Baadhi ya wanahistoria wanakubali. Wengine wanaiweka Uarabuni au katika dola la Waseljuk. Ubishi huu unatokana na jinsi habari zilivyohifadhiwa.

Kwanza, herufi ya Kichina hubeba silabi nzima, hivyo jina la kigeni hulazimika kuvaa sauti zilizopo. Pili, makarani waliandika yale yaliyoifaa serikali: umbali, mazao, fedha, zawadi. Jinsi wenyeji walivyouita mji wao kwa lugha yao hatuambiwi. Tatu, kitabu tunachokisoma leo, Historia ya Song, kilikamilishwa mwaka 1345, miaka 262 baada ya ujio wa pili.

Tazama ile namba 160. Imetufikia salama, lakini bandari ya kuanzia haijulikani kwa hakika, kwa hiyo haiwezi kumaliza ubishi. Data imebaki, maana imepungua. Hata kompyuta haiwezi kutafuta jambo ambalo halikuandikwa.

Basi sisi wa chama hiki tusikimbilie kutangaza kwamba Waswahili walifika Guangzhou mwaka 1071. Tuseme "huenda". Na tunapokwenda Xiaobei kuzungumza na wafanyabiashara kutoka Afrika Mashariki, tusiulize bei na mizigo tu. Tuandike pia mji wa kila mmoja, kwa jina analoliita yeye mwenyewe.