Kabla hujanunua vifaranga vya mkunga, soma historia yake

Ndugu mfugaji na mfanyabiashara, mwezi uliopita mfugaji mmoja wa kata hii alinipigia simu. Kuna mtu alimletea biashara ya vifaranga vya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka anayepatikana mitoni. Muuzaji alidai amevitotolesha mwenyewe bwawani, na alitaka malipo ya awali. Nilimwambia asitoe hata shilingi. Sababu yake ni historia ndefu, na inafaa uijue na wewe.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, msomi wa Ugiriki aitwaye Aristotle aliwachunguza mikunga, hakuona mayai wala mbegu za dume. Akasema mkunga hutoka kwenye tope. Usimcheke. Hata wewe ukimpasua mkunga wa mtoni leo, hutakuta mayai kama ya sato au kambale.

Mwaka 1777 Carlo Mondini wa Italia alionesha ovari za mkunga jike. Dume likabaki fumbo. Mwaka 1876 kijana Sigmund Freud, aliyekuja kuwa maarufu kwa elimu ya nafsi, alipasua mikunga wapatao 400 mjini Trieste akitafuta korodani. Hakupata jibu la uhakika.

Baharini kulikuwa na kisamaki bapa kama jani la mwarobaini, mwangavu kama kioo. Wataalamu walikuwa wamekipa jina lake, wakidhani ni aina nyingine. Mwaka 1896 Waitaliano Grassi na Calandruccio walieleza jinsi kinavyogeuka kuwa mkunga mchanga. Kumbe mtoto na mzazi walikuwa wakihesabiwa samaki wawili! Kisha Johannes Schmidt wa Denmark, kuanzia 1904, alizunguka baharini miaka mingi akiwatafuta watoto hao, kila mara akifuata walio wadogo zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akatangaza kuwa mkunga wa Ulaya huzaliwa Bahari ya Sargasso, maelfu ya kilomita kutoka mito anayokulia.

Ndiyo maana mtoni hukuti mayai. Mkunga hukua kwenye maji baridi kwa miaka mingi, halafu hushuka baharini, huacha kula, hukomaa akiwa safarini, hutaga, kisha hufa. Watoto huletwa pwani na mikondo ya bahari, ndipo hupanda mito.

Mikunga wetu wa Tana, Pangani na Rufiji nao huzaliwa Bahari ya Hindi. Usiwachanganye na kamongo wa Ziwa Victoria. Huyo ni samaki mwingine kabisa.

Wajapani walitotolesha mkunga maabara mwaka 1973, na mwaka 2010 wakafanikiwa kupata kizazi cha pili. Hata hivyo, mashamba makubwa ya Asia bado hutegemea vifaranga waliovuliwa wakitoka baharini. Sasa jiulize, huyo wa bwawa la kijijini amewatoa wapi?

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Usilipie vifaranga vya mkunga vinavyodaiwa kutotoleshwa bwawani. Ukitaka kufuga, chagua sato au kambale, ambao vituo vyetu huwatotolesha.

2. Mkijenga kizuizi mtoni, acheni pembeni njia yenye maji. Mkunga mchanga hupanda hata mwamba uliolowa, lakini ukuta mrefu mkavu humshinda. Akishindwa kupanda, walio juu wakiisha hakuna wa kuwarithi.

3. Damu mbichi ya mkunga ina sumu. Unapomchinja usiguse macho wala kidonda, nawa vizuri, na mpike aive kabisa. Moto huiondoa sumu hiyo.

Yule mfugaji alibaki na pesa yake, na sasa anachimba bwawa la kambale. Nawe ukiletewa biashara ya samaki usiyoielewa, pita kwanza kwa afisa ugani wako kabla ya kufungua pochi.