Jinsi corona ilivyoipokonya mikahawa viti na saa

JUMAPILI ya Machi 22, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba baa zote nchini Kenya zingefungwa kuanzia saa sita usiku, na kwamba mikahawa ingeruhusiwa tu kuuza chakula cha kubeba. Siku tisa pekee zilikuwa zimepita tangu kisa cha kwanza cha virusi vya corona kithibitishwe nchini.

Kwa asiyeijua biashara ya chakula, amri hiyo ilionekana kuwa nafuu kwa wenye mikahawa. Jiko halikufungwa, na mwenye njaa aliweza kufika mlangoni, akalipa na kuondoka na mfuko wake. Lakini mwenye mkahawa hauzi chakula peke yake. Huuza pia kiti, kivuli, mahali pa kukutana na saa moja au mbili za maongezi. Sahani ya pilau yaweza kufungwa ikabebwa. Chai ya pili, soda inayoagizwa kwa sababu mazungumzo yamenoga, na maandazi ya mgeni aliyetokea ghafla havifungiki. Katika mikahawa mingi, hivyo vidogo vya mezani ndivyo vinavyoleta faida, kwa kuwa bei ya chakula chenyewe hubanwa na gharama ya unga, mafuta, nyama na gesi.

Kenya ilikuwa na mazoea ya kupambana na maradhi mikahawani, ila maradhi ya aina nyingine. Sheria za afya humtaka kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha kupimwa. Mnamo Julai 2017, kipindupindu kilipozuka jijini Nairobi na kuwapata hata wageni wa mikutano mikubwa, serikali ilifutilia mbali vyeti hivyo na kuagiza wahudumu wapimwe upya. Mantiki ilieleweka: kipindupindu husafiri katika maji na chakula kichafu, hivyo mkahawa ukisafishwa, na mpishi akiwa mzima, mteja yu salama.

Virusi vya corona havikufuata njia hiyo. Chakula chaweza kuwa safi kabisa na mlaji akaambukizwa na pumzi za jirani yake. Mfano uliotajwa sana ni wa mkahawa mmoja katika mji wa Guangzhou, Uchina. Mnamo Januari 24, 2020, familia tatu zilikula chakula cha mchana katika meza tatu zilizopakana, karibu na mashine ya kupoza hewa. Watu 10 wa familia hizo waliugua. Wateja wengine 73 wa ghorofa hiyo, pamoja na wahudumu wanane, hawakupatikana na ugonjwa. Watafiti walihitimisha kwamba upepo wa mashine ile ndio uliovipeperusha virusi kutoka meza moja hadi nyingine. Kwa hivyo, kilichokuwa hatari mkahawani ni kile hasa ambacho wateja hukifuata: kukaa pamoja kwa muda mrefu, barakoa zikiwa zimevuliwa, ndani ya chumba kimoja.

Pigo la pili lilikuwa la saa. Kuanzia Machi 27, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliweka kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwenye karatasi, mkahawa ulipoteza saa za usiku tu. Kwa kweli ulipoteza zaidi, kwa sababu mpishi na mhudumu nao walipaswa kuwa nyumbani kabla ya saa moja. Matatu za abiria 14 zilikuwa zimepunguziwa hadi abiria wanane, foleni vituoni zikawa ndefu, na mfanyakazi wa katikati ya jiji anayeishi mitaa ya mbali alilazimika kuondoka kazini mapema alasiri. Chakula cha jioni kikatoweka. Cha mchana nacho kilififia, maana wafanyakazi wengi wa ofisi walikuwa wameagizwa kufanyia kazi nyumbani.

Aprili 27 serikali ililegeza kamba. Mikahawa iliruhusiwa kuwakalisha wateja tena, mradi itimize masharti: wafanyakazi wapimwe corona, wateja wapimwe joto mlangoni, wakae mita moja na nusu kutoka kwa wenzao, wasizidi wanne katika kila mita 10 za mraba, na chakula cha kujipakulia kipigwe marufuku. Saa za kazi zilikuwa kuanzia kumi na moja alfajiri hadi kumi jioni.

Hesabu yake ilikuwa ngumu. Mkahawa wenye ukumbi wa mita 50 za mraba haungeweza kupokea zaidi ya watu 20 kwa wakati mmoja, nao ulikatazwa kufanya kazi jioni. Kodi ya nyumba ilibaki ya ukumbi mzima na ya siku nzima. Vipimajoto, sabuni, mifereji ya kunawia mikono na vitakasa mikono viliongezwa juu yake. Haishangazi kwamba baadhi ya wenye mikahawa waliporuhusiwa kufungua waliona heri kuendelea kufunga.

Vibanda vya chakula vilikuwa na kisa chao. Anayepika ugali, maharagwe na chapati kandokando ya maeneo ya ujenzi hana ukumbi wa kupimwa mita, wala kodi kubwa. Wateja wake vilevile hawakuwa na ofisi ya kuhamishia nyumbani. Panapokuwa na mjengo unaoendelea, kibarua hula. Lakini kibanda hakina akiba. Mauzo ya leo ndiyo mtaji wa kesho. Siku tatu za kukosa wateja zinatosha kumfanya mwenye kibanda ale mtaji wake, na hakuna benki itakayomkopesha wa kuanzia upya.

Katika Pwani, janga liligongana na mfungo wa Ramadhani, ulioanza mwishoni mwa Aprili. Mwezi huo mchana wa mikahawa ya Mji wa Kale, Mombasa, huwa umelala na usiku huamka: baada ya futari na sala ya tarawehe, watu hutoka kutafuta mishkaki, viazi vya karai, mahamri na kahawa chungu. Mwaka huo jua lilikuwa likizama karibu saa kumi na mbili na robo, na kafyu ikaingia saa moja. Biashara ya mwezi mzima ilibanwa ndani ya muda usiotimia saa moja, tena muda ambao kila mtu yuko kwake akifuturu. Kisha Mei 6, serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka Mji wa Kale na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na mikahawa ya huko ikaamriwa kufungwa. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi Juni, Idi ikiwa imekwisha kupita.

Wenye baa ndio waliokaa nje muda mrefu zaidi. Baadhi yao walitafuta leseni za mikahawa, wakaweka jiko na kuendelea kuuza pombe kwa kisingizio cha mlo. Ujanja huo haukudumu. Julai 27, Rais Kenyatta alipiga marufuku uuzaji wa pombe katika mikahawa yote kwa siku 30, akarudisha saa ya kufunga kutoka saa mbili usiku hadi saa moja. Mikahawa halali ambayo mvinyo na bia vilikuwa vikiziba pengo la chakula iliadhibiwa pamoja na baa zilizojibadilisha jina. Marufuku yaliongezwa muda mwezi Agosti, na baa hazikufunguliwa hadi mwisho wa Septemba, baada ya zaidi ya miezi sita.

Hasara hiyo haikuishia kaunta. Kampuni ya East African Breweries ilitangaza kuwa faida yake ya mwaka uliokamilika Juni 2020 ilishuka kwa asilimia 39 hadi takriban Sh7 bilioni, ingawa ni miezi mitatu tu ya mwisho iliyoguswa kikamilifu na janga. Bia ya pipa aina ya Senator, kinywaji cha watu wa kipato cha chini, hutengenezwa kwa mtama na huuzwa kwa kumiminwa katika baa. Mtu hawezi kuibeba nyumbani jinsi anavyobeba chupa. Baa zilipofungwa, mapipa yalikwama, na mkulima wa mtama ambaye huenda hajawahi kukanyaga baa akajikuta naye amefungiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wengine walioutegemea mkahawa pasipo kuonekana. Viazi vya Nyandarua huishia kwa wingi katika vikaango vya chipsi mijini. Kamba na pweza wa Pwani huvuliwa kwa ajili ya meza za hoteli za kitalii, kwani bei yake haimudu mnunuzi wa kawaida kijijini. Unga unaweza kungoja ghalani. Samaki na maziwa havingoji.

Uuzaji wa kupeleka chakula majumbani ulisifiwa wakati huo kama mwokozi. Kwa kiasi fulani ulisaidia. Waendeshaji bodaboda walipata kazi, na hatua ya Safaricom ya kuondoa ada ya M-Pesa kwa kiasi kisichozidi Sh1,000 kuanzia Machi 2020 iliwazoesha wateja wa mlo wa bei ndogo kulipa kwa simu. Hata hivyo, kampuni za kupeleka chakula hudai sehemu ya bei ya kila mlo, na sehemu hiyo hutoka katika faida ambayo tayari ni nyembamba. Chipsi nazo, zikikaa robo saa ndani ya mfuko, hulegea. Isitoshe, biashara hiyo haikuwa imara hata kwa wenyewe: Jumia ilitangaza Desemba 2023 kwamba inafunga huduma yake ya chakula katika nchi zote ilimokuwa, Kenya ikiwemo.

Takwimu za Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, zinaonyesha ukubwa wa anguko. Sekta ya malazi na huduma za chakula ilinywea kwa zaidi ya asilimia 80 katika robo ya pili ya 2020, na kwa takriban asilimia 48 katika mwaka mzima. Uchumi wote wa taifa ulinywea kwa asilimia 0.3 tu mwaka huo. Mwaka 2021 sekta hiyo ilikua kwa zaidi ya asilimia 50, jambo lililoshangiliwa, ingawa kitu kilichopungua nusu kisha kikaongezeka nusu hakijarudi kilipokuwa: mia hushuka hadi hamsini, na hamsini hupanda hadi sabini na tano. Ikumbukwe pia kuwa takwimu hizi huchanganya hoteli za kulala na mikahawa, na watalii kutoka nje walipungua kwa zaidi ya asilimia 70 mwaka 2020.

Serikali ilitoa msaada, lakini kwa mlango usiowafaa wengi. Ushuru wa VAT ulipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 2020, na ushuru wa mapato ya jumla kwa biashara ndogo kutoka asilimia tatu hadi moja. Asiyeuza hana ushuru wa kupunguziwa. Mwezi Mei zilitengwa Sh2 bilioni za mikopo nafuu kwa hoteli na biashara zinazohusiana nazo kupitia Shirika la Kufadhili Utalii. Kibanda hakikuwa katika hesabu hiyo.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Mnamo Agosti 2020, serikali yake iliwalipia walaji nusu ya gharama ya chakula, hadi pauni 10 kwa kila mmoja, kila Jumatatu hadi Jumatano. Zaidi ya milo milioni 160 ililiwa kwa mpango huo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick baadaye uliuhusisha na ongezeko la maambukizi mapya. Kuokoa mkahawa kwa kuujaza watu kulikuwa na bei yake.

Nchini Kenya, mlango ulifungwa tena Machi 26, 2021 katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na mikahawa ikarudi kuuza chakula cha kubeba hadi mwanzoni mwa Mei. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa, baada ya karibu miezi 19.

Kwa wafanyakazi, tofauti kubwa ilikuwa ya mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Hoteli kubwa ya Fairmont The Norfolk ilipotangaza Mei 2020 kuwaachisha kazi wafanyakazi wake wote, kulikuwa angalau na barua za kuandikwa na haki za kudaiwa. Mhudumu wa mkahawa wa kawaida, anayelipwa kwa siku na kutegemea bakshishi, hakuachishwa kazi na mtu yeyote. Aliambiwa asije kesho, na kwa kuwa hakuwa na barua ya kumwajiri, hapakuwa na barua ya kumwachisha, wala siku 15 za kuhesabiwa.