Ako Mteja

Juzi binti yangu alinikuta jikoni hapa Embulbul akaniuliza: "Mum, mbona simu isipoingia tunasema mtu ako mteja? Kwani mteja si yule ananunua vitu?"

Nilicheka, lakini swali likanikaa. Jibu lake ni fupi. Ile sauti iliyorekodiwa husema, "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Wengi wetu tulikuwa tukisikia neno la kwanza tunakata. Neno hilo moja likabeba maana ya sentensi nzima, na mteja akawa mtu asiyepatikana.

Maneno yetu ya simu yana historia hivyo. "Simu" asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Ile kadi tunaiita "laini", neno la Kiingereza la waya uleule. Chombo hakina waya, nasi tumekipa majina mawili ya waya.

Enzi za waya, nambari ilikuwa ya mahali. Shirika la Posta na Simu, kabla ya kugawanywa mwaka 1999, liliunganisha nyumba na ofisi. Kwetu hakukuwa na simu. Mama alikuwa anapanda hadi Ngong, anapiga foleni kwa kibanda, sarafu amezifunga kwa leso. Ukitaka kumpata, ulipiga kwa duka fulani ukaomba mtu atumwe amwite.

Mwaka 2000 Safaricom na Kencell wakaanza biashara, nambari ikatoka ukutani ikaingia mfukoni. Safaricom walikuwa 0722, Kencell 0733. Mpaka leo mwenye 0722 huitaja polepole, ujue aliingia mapema. Safaricom walitoza kwa sekunde, Kencell kwa dakika, lakini wengi wetu tuliflashi tu. Mlio mmoja: nimefika salama.

Machi 2007 ikaja M-Pesa, na nambari ikawa pia mahali pa kuweka pesa. Aprili 2011 tukaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadilisha nambari, kwa hivyo 0722 haikuhakikishii tena mtu ako mtandao gani. Na watu huuliza mbona ukiandika +254 sifuri inapotea. Sifuri ni ya kupiga ukiwa ndani ya nchi. 254 ni mlango wa Kenya kwa anayetoka nje. Haviandikwi pamoja.

Swali ambalo binti yangu hakuuliza ni hili: nambari ni ya nani?

Mama alipofariki niliweka laini yake kwa droo. Sikujua kwamba laini ikikaa muda bila kutumika, kampuni huichukua ikampa mtu mwingine. Nilikuwa nikiipiga usiku, nasikia "mteja", nakata. Ilinitosha.

Jioni moja ikaita. Akapokea kijana, nyuma yake makelele ya stendi.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Nikamwambia samahani, nimekosea nambari.

Sikuwa nimekosea. Ni nambari pekee ninayoijua kwa kichwa, mbali na yangu. Kijana naye hana kosa. Alinunua laini kama sisi wote, na huenda hiyo ndiyo inapokea mshahara wake.

Kwa simu yangu bado imeandikwa Mama. Binti yangu huniambia niifute. Mimi humjibu nitaifuta kesho.