Seli ya Robo Digrii

Robo ya nini? Swali hilo linafaa kuulizwa kabla hatujaipokea istilahi yenyewe, maana makosa mengi katika ramani za wanyamapori huzaliwa hapo.

Chukua pande la ramani lenye digrii moja ya latitudo na moja ya longitudo. Karibu na Ikweta kila upande wake una kilomita 111 hivi. Ukiligawa mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana unapata vipande vinne vya nusu digrii. Ukivigawa tena vivyo hivyo unapata vipande 16, kila kimoja kikiwa na upande wa dakika 15. Hiyo ndiyo seli ya robo digrii. Kilichogawanywa kwa nne ni urefu wa upande, si eneo. Eneo ni sehemu moja ya kumi na sita, kama kilomita za mraba 770.

Sasa fungua atlasi ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy, iliyotoka mwaka 1989. Kipimo chake ni robo ya mraba wa digrii, na hapo kinachogawanywa kwa nne ni eneo: nusu digrii kwa nusu digrii, zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Ndege aliyewekewa alama katika robo ya mraba mwaka ule, akionekana leo katika seli moja tu kati ya nne zilizomo, ataonekana amepoteza robo tatu ya makazi yake, kumbe kilichopungua ni kipimo. Kwa sababu hiyo, katika Kiswahili neno “robo” lisiachane na “digrii”.

Nyuzi nazo, badala ya digrii? Walimu wa jiografia wanazipenda, lakini robo ya uzi ni habari ya fundi cherehani. Najua pia kwamba robo digrii yaweza kumkumbusha mtu aliyeacha chuo mwaka wa kwanza. Na avumilie. “Mraba” ningeukubali kama dunia ingekuwa bapa: seli ikifika kusini kabisa mwa Afrika upana wake umebaki kilomita 23 hivi, huku kimo kikiwa karibu 28. Basi tuseme seli, kama wanavyosema watumiaji wa majedwali ya kompyuta.

Anwani ya seli husomwa kwa herufi: A ni kaskazini-magharibi, B kaskazini-mashariki, C kusini-magharibi, D kusini-mashariki. Seronera, katikati ya Serengeti, iko kwenye pande la digrii 34 mashariki na 2 kusini, nusu digrii B, robo digrii D; kwa kifupi BD. Mwaka 2009 mtafiti Ragnvald Larsen na wenzake walipendekeza mfumo huu, uliozoeleka kusini mwa Afrika, upanuliwe ili bara zima lishirikiane data, na mgawanyo uendelee herufi baada ya herufi kwa anayetaka seli ndogo zaidi. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, unatumia pentadi za dakika tano. Tisa hujaza seli moja bila kubaki kipande.

Faida ya seli inaonekana mpakani. Mstari wa Kenya na Tanzania unazikata seli kwa mshazari, hivyo kuna seli zisizojazwa vizuri mpaka pande zote mbili zilete orodha zao. Wilaya hugawanywa na kupewa majina mapya, seli haibadiliki. Hata tofauti kati ya ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa marejeo wa Arc 1960 na majira ya nukta ya GPS, ambayo ni kama mita 300, huathiri tu rekodi zilizo ukingoni.

Ila seli tupu isomwe kwa tahadhari: huenda mnyama hayupo, huenda hakuna aliyekwenda kutazama. Ndiyo maana orodha nzuri huandika pia nani alifika, lini, na kwa saa ngapi. Na kwa faru, upana wa seli, ambao wengine huulalamikia, ni kinga: data inaweza kutangazwa kwamba yupo ndani ya kilomita za mraba 770, bila kumwonyesha jangili bonde lenyewe.